Kovu Ambalo Sikulitafsiri

Je, daktari angeamua vingine kama ningemfikishia maneno yote ya mkwezi yule? Tangu hapo nimesomea udaktari, nimetibu visigino vingi vilivyovunjika, na bado najiuliza.

Ilikuwa miaka ya vita vya ukombozi, katika hospitali ndogo ya pwani, karibu na mpaka, upande uliotawaliwa na Wareno. Nilikuwa muuguzi, na kwa kuwa nilijua Kireno, nilikuwa pia mkalimani. Aliletwa mkwezi wa minazi, kisigino kimepondeka. "Mnazi umenitema kama dafu bovu," aliniambia, akicheka huku jasho likimtoka.

Daktari, Mreno mwenye sare ya jeshi chini ya koti jeupe, alieleza njia mbili. Ya kwanza ni kupasua ubavu wa nje wa mguu na kuvipanga vipande vya mfupa kwa macho: kiungo hukaa sawa, lakini ngozi ya pale ni nyembamba, kidonda huweza kuoza. Ya pili ni kupitisha pini nene kwa nyuma na kuunyanyua mfupa uliozama: tundu dogo tu, ila mfupa huweza kuunga kombo. Yeye alipendelea kupasua, lakini mgonjwa achague.

Hayo niliyatafsiri kwa uaminifu. Mkwezi akafikiri.

"Nipe tundu, mdogo wangu. Kuchechemea nitachechemea. Lakini askari wa vizuizi vya barabarani wakiona mshono mrefu mguuni, watasema ni risasi, nimetoka msituni. Nani atawaambia ni mnazi?"

"Anasemaje?" aliuliza daktari.

Kulitaja neno "msituni" mbele ya sare ile kungenitia mashakani na mimi. Ningeweza kusema tu kwamba anataka pini. Hata hilo niliogopa, kwani daktari angeuliza sababu.

"Anakuachia wewe, bwana daktari."

Mkwezi alinitazama. "Umemwambia?"

"Nimemwambia, kaka."

"Mungu akuzidishie elimu."

Jioni ile nilitafuta kazi wodi nyingine, nisipite karibu na kitanda chake.

Kesho yake asubuhi nilimsukuma hadi chumba cha upasuaji. Nilimwekea puani kitambaa cha dawa ya usingizi, naye akanishika mkono hadi vidole vyake vilipolegea. Nikausafisha ubavu wa nje wa mguu kwa iodini. Daktari akaanza nyuma ya kifundo, akakata hadi karibu na kidole kidogo.