Tripleksi Ndani ya Sufuria ya Maharagwe

Juzi mvua ilipenya paa langu, tripleksi ya dari ikavimba na kuachana tabaka kwa tabaka. Harufu ya gundi iliyolowa ikanirudisha Kirotshe, kando ya ziwa, jikoni kwa Mama, alasiri moja nilipokuwa mtoto.

Papa alitaka kuunda boti ndogo pale nyumbani. Alileta vipande viwili vya tripleksi, kila kimoja cha aina yake, akavitia kwenye sufuria ya maharagwe iliyokuwa ikichemka maji matupu. Nilidhani chakula kimeisha na tutakula mbao. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani. Niliamini anaionea uchungu sufuria yake.

Maji yakageuka kahawia, yakapungua, Papa akaongeza mengine. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mwishowe akavitoa. Kimoja kilifunguka mkononi mwake kama majani ya kabichi. Cha pili alikipinda, akakigonga kwenye jiwe la jiko, kikakataa kuachana.

"Njo hii, Mama Bahati," alisema polepole. "Hii iko nguvu."

"Ile ya boti ya kwanza haukuipikaka," Mama akajibu.

Papa akakaa chini, kipande mkononi.

Bahati alikuwa kaka yangu mkubwa. Aliondoka na ile boti ya kwanza, nami nikaambiwa amekwenda kufanya kazi Walikale. Kwa hiyo nikauliza kama atarudi kupanda hii mpya. Mama akatoka nje.

Nilikuwa mtu mzima nilipofika Walikale. Iko katikati ya msitu, na hakuna boti ya ziwani inayofika huko.