Usaili wa Uzamivu Siku ya Msaragambo

Mimi nina hasira za karibu, nyumbani wote wanajua. Asubuhi ile nilizimeza nikiwa mbele ya kifusi, kwenye barabara ya kushukia Same, blauzi nyeupe mwilini, kompyuta mgongoni, na usaili umekaribia.

Usiku mvua ilikuwa imeporomosha mlima. Kijiji kizima kilitoka msaragambo, kazi ya pamoja, kufungua njia. Na msaragambo wa kwetu Upareni hauna mchezo: ukiwakuta watu kazini, hupiti hivi hivi. Unashika jembe kwanza.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mwenyekiti wa kitongoji. "Naomba mnipishe, nina usaili wa simu, na mtandao mzuri uko mjini."

"Marahaba, mwanangu. Jembe lile pale."

"Mzee, nitachelewa!"

"Hata mchungaji analima."

Kweli, mchungaji alikuwa pale, suruali kaikunja hadi magotini, anachota tope. Presha ikanipanda. Nilikuwa nimeomba nafasi za uzamivu vyuo chungu nzima, kote nikatoswa. Hiki cha ng'ambo ndicho pekee kilichoniita, na nafasi yenyewe ni ya mtu mmoja. Nikaropoka yote kwa sauti: kwamba kuna mashine inayochapa ngozi kwa chembe hai za mtu, tabaka juu ya tabaka, na kwamba nikiikosa simu ya leo ndiyo basi tena.

"Ngozi inachapwa? Makubwa!" Kina mama wakacheka.

Shangazi yangu hakucheka. Alitua karai la udongo, akamwangalia mdogo wangu, aliyekuwa amenisindikiza. Utotoni alimwagikiwa na uji wa moto. Ngozi ya shingo ilipona kwa kuvutika, hadi leo akitaka kugeuka lazima ageuze na mabega.

"Jamani, mpisheni!" shangazi akapaza sauti. "Anakwenda kumtengenezea mdogo wake shingo!"

"Shangazi, si hivyo..."

"Nyamaza wewe, pita! Utachelewa!"

Mwenyekiti akavua kofia. "Sasa mbona hukusema tangu mwanzo?" Tulishikwa mikono, tukavushwa topeni kama maharusi, watu wakimwombea mdogo wangu kwa Kipare na Kiswahili. Yeye alikuwa anatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu likaniumiza namna ile, maana nilijua kazi hiyo ya kuchapa ngozi bado iko kwenye vipande vidogo vya maabara. Nikajiambia nitamweleza tukifika Same.

Same hatukufika. Upande wa pili hapakuwa na gari wala bodaboda, na saa ya usaili ikafika. Tulisimama kwenye kona yenye mtandao, nikakaa juu ya jiwe, mdogo wangu akanishikia simu mbele ya uso. Maprofesa wawili wakatokea kwenye kioo, mwanamume na mama mmoja.

Nilijibu vizuri, sijisifu. Nilijibu kuhusu chembe zinazokufa wakati wa kuchapwa, na namna ya kuzilisha zisife. Kisha yule mama akauliza kwa nini nimechagua ngozi. Nikamweleza habari za mdogo wangu, bila kusema ndiye aliyeshika simu.

Akaongea taratibu, kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mtu wa kidato cha nne anakielewa chote: "Unajua kwamba hata tukifaulu, itapita miaka mingi kabla ya kumfikia mgonjwa? Mdogo wako huenda isimsaidie kabisa. Bado unaitaka nafasi hii?"

Simu ikatikisika. Nilimchukia yule mama, Mungu anisamehe. Nikainua macho juu ya simu. Mdogo wangu alikuwa amekiuma kidole cha mkono wa pili, machozi yanamshuka, na hakuweza kugeuza uso ili nisimwone.

"Samahani, unatusikia?" profesa akauliza.

Mdogo wangu akaifuta pua kwa kiwiko, akaishika simu kwa mikono miwili mpaka ikatulia.

"Mjibu, dada," akanong'ona. "Mwambie unaitaka."

Nikasema ninaitaka. Nilisema nikimwangalia yeye.