Nguzo Kumi na Mbili za Alute

Shemeji yangu Alute alikuwa na mikono mizuri, hilo simnyimi. Mengine yote namnyima.

Alijifunza misheni kutengeneza mawe ya saruji. Aliponda miamba yetu hii ya Mtinko ikawa kokoto ndogo, akachanganya na mchanga na saruji, akashindilia ndani ya kalibu ya mbao aliyoichonga mwenyewe. Akiifungua, inatoka nguzo ya baraza yenye kiuno, au chungu cha maua cha bustani ya Mzungu. Kisha anafunika kwa magunia na kumwagilia maji siku saba. "Jiwe likikosa maji siku saba, halina mfupa." Hayo tuliyasikia mpaka tukachoka.

Mwaka wa arobaini na tisa mvua ilitukataa. Mwaka huohuo bwana shauri, Mzungu wa bomani, akaagiza nguzo kumi na mbili za baraza la nyumba ya wageni wa serikali. Zikimpendeza, Alute angeandikwa kazi bomani, na wa bomani walipata posho ya unga. Sisi tulikuwa tunachemsha majani. Kwa hiyo msidhani alikuwa mwehu. Alikuwa na njaa kama sisi.

Nguzo zikiwa na siku tano, mtoto wake Zefania, wa miaka miwili, akaanza kuhara. Nikampelekea mkewe, dada yangu Dorkas, nusu debe ya maji, nikaiweka nyuma ya mlango. Nikamwambia Alute waziwazi, "Shemeji, haya ni ya mtoto. Mpe kidogo kidogo." Akaitika. Mimi na Dorkas tukaenda kuchimba mengine kwenye mchanga wa mto.

Wanawake walikuwa wengi na shimo lilitoa kata moja moja. Tulirudi jua linazama. Debe lilikuwa tupu, na magunia juu ya nguzo yalikuwa yanatona maji. Zefania alilala mkekani, midomo imekauka, analia hata machozi hana.

"Zilianza kuonyesha nyufa," Alute akasema. "Nilijua mtarudi adhuhuri. Aliniomba maji, nikamwambia mama anakuja."

Tulimnywesha, akatapika yote. Kulipokucha alikuwa amekwisha.

Msibani, Yeremia, mzee wa kanisa, akamwambia dada yangu, "Maji yakimwagika hayazoleki, mama." Hakuwa na nia mbaya, maskini. Dorkas aliinuka akatoka nje.

Nguzo zilitoka safi. Bwana shauri alizigonga kwa fimbo, akafurahi, Alute akaandikwa kazi. Unga wa kwanza aliouleta Alute, Dorkas hakuugusa. Mimi niliula. Nilikuwa na watoto.

Kisha Alute akamtengenezea mwanawe msalaba kwa saruji iliyobaki. Nikauona umeachwa juani bila gunia. Hasira zilikuwa zimenijaa hadi hapa, lakini nilichukua kibuyu changu nikaenda, kwa ajili ya mtoto. Alute akanishika mkono.

"Huo usiunyweshe, shemeji."

"Utapasuka."

"Najua."

Ukapasuka kabla ya wiki kwisha, naye akausimika hivyohivyo. Mvua ziliporudi zikaumega kidogo kidogo, na sasa kaburini pana rundo la kokoto tu. Zile nguzo zipo. Nikipita pale barazani naziona zote kumi na mbili, hata moja haina ufa.