Unga wa Elieza Chini ya Mvengi

Elieza Mligo hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alikuwa fundi seremala wa kwanza kijijini kwao, kwenye vilima vilivyo kati ya Njombe na Makambako, na vidole vyake vilikuwa na kovu la kila kifaa alichojifunza kukitumia misheni. Alibatizwa kijana, akafunga ndoa na Tabea kanisani, akachaguliwa mzee wa kanisa kabla hajaota hata mvi moja. Lakini mwaka ule wa 1934, alipoambiwa akate mvengi, mti mkubwa wa matambiko ya babu zake, usingizi ulimpaa.

Mvengi huo ulisimama katikati ya kisitu ambamo ukoo wake ulizika wazee na kuombea mvua tangu siku ambazo hakuna anayezikumbuka. Sasa jumbe alikuwa amekitoa kiwanja hicho kwa kanisa, na mchungaji wa misheni alifurahi kupita kiasi. Pale pale watu walipozoea kuomba, alisema, ndipo kanisa lisimame. Maneno mazuri, tena rahisi kusemwa na mtu asiye na babu pale.

Kila alikogeuka Elieza aliona hatari. Tabea alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya kuzika watoto wawili ambao hawakumaliza hata wiki. Na kila Mbena wa pale alijua kwamba mti wa wazee haukatwi bila kuombwa. Asiyeomba, nyumba yake italia. Upande wa pili, mzee wa kanisa akionekana anatambika, alitengwa na meza ya Bwana mbele ya watu wote. Mwalimu Anania, mwinjilisti aliyeletwa kutoka Bulongwa huko Ukinga, hakuwa na mchezo katika hilo. Mwaka uliotangulia alimtenga mjane kwa kumwagia pombe kaburi la mumewe.

Shangazi yake Elieza, ambaye hakubatizwa wala hakutaka, ndiye aliyemwonyesha njia.

"Mwanangu, chukua unga wa ulezi," alimwambia. "Jioni ya kuamkia kazi umimine shinani, usimame kama kichuguu. Waambie shida yako, uondoke bila kugeuka nyuma. Asubuhi ukiukuta umesimama, kata. Ukiukuta umevurugika, weka shoka chini."

"Na Kanisa, shangazi?"

"Kanisa lina Mwalimu wa kulisemea. Tabea anasemewa na nani?"

Basi Elieza akakung'uta unga wote uliokuwa chunguni, akaufunga kwenye kitambaa, akaenda jua likizama. Aliumimina, akanong'ona majina ya wazee aliowajua, akarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Alipomsalimu mkewe, hakuweza kumtazama usoni.

Kulipokucha ukungu ulikuwa mzito, ule wa kwetu unaoficha hata zizi la jirani. Elieza aliwahi kabla ya watu. Akainama shinani. Kichuguu kilikuwa kimesambaratika, na katikati ya unga kulikuwa na alama ya soli ya kiatu. Kijiji kizima kilikuwa na mtu mmoja tu wa kuvaa viatu, naye ni Mwalimu Anania.

Wazee wamekataa, na Kanisa limejua. Elieza alifukia unga kwa mguu haraka haraka, kama mwizi anayeficha ganda la muhindi, maana sauti za watu zilikwisha kukaribia.

"Kamwene, Mzee Elieza," Anania alimsalimu, akamkabidhi shoka. Hakumtazama. Akaanzisha wimbo kwa sauti iliyotetemeka kidogo, na watu wakaupokea.

Aweke shoka chini? Angewaambia watu nini? Alikata.  Saa sita mchana mvengi ukalia, ukaanguka, na vumbi lilikuwa halijatulia alipotokea Yudita, jirani yao, akikimbia kutoka bondeni huku ameshika kanga yake.

"Baba, njoo! Tabea ameshikwa na uchungu!"

Mwezi mzima kabla ya wakati. Elieza alikimbia mpaka mlangoni kwake, akazuiwa, maana mle ndani ni kazi ya wanawake. Akakaa juu ya gogo, akasikiliza mkewe akiugulia. Nimeiua nyumba yangu, aliwaza, nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe. Jua likaanza kushuka. Ndipo Mwalimu Anania alipokuja, akaketi kando yake.

"Nitenge tu, Mwalimu," Elieza alisema. "Nitenge, lakini usinitenge leo."

 Anania akatia mkono mfukoni mwa koti lake kuukuu, akatoa leso iliyofungwa fundo. Akaifungua. Ilikuwa imejaa unga wa ulezi.

"Nilikwenda alfajiri," alisema. "Kwa ukungu ule sikuona mbele, nikakanyaga wa kwako. Nikakimbia na wangu."

"Wewe, Mwalimu? Wale si babu zako!"

"Ndiyo maana niliogopa kuliko wewe. Wewe wanakujua, ni mtoto wao. Mimi Mkinga, nimekuja kuwabomolea nyumba yao. Wangenijuaje?" Macho yalimjaa machozi. "Na yule mjane niliyemtenga, Elieza! Nitamwambia nini?"

 Mle ndani kulikuwa kimya, kimya kile kile cha mara mbili zilizopita, na wote wawili wakashikana mikono bila kujua.

Halafu mtoto akalia. Sauti nyembamba, yenye hasira.

Shangazi alitokeza kichwa mlangoni, jasho likimtiririka. "Msichana, mdogo lakini ana pumzi. Mama yake anataka uji, na chungu ni kitupu. Kuna mwanamume alikomba unga wote jana, simtaji jina." Akaiona leso. "Na huo wa nani?"

"Wa Mwalimu," Elieza alisema.

Shangazi aliuchukua kwa mikono miwili, kama apokeavyo mtu aliyepewa kitu na ndugu. Akamtazama Anania toka kichwani hadi kwenye vile viatu.

"Haya," alisema. "Sasa tumekujua."

Akaingia ndani kukoroga uji.