Mwisho wa Wimbo wa Noreen

Mtu akiniambia kwamba sisi tunaopiga muziki kwenye stesheni za chini ya ardhi hapa London ni ombaomba wenye vyombo, nakasirika mpaka masikio yanawaka moto. Tuna leseni sisi. Tulisailiwa, tukapewa beji zenye picha zetu mbaya, na kila mmoja ana zamu yake ndani ya nusu duara iliyochorwa sakafuni. Ole wako ukanyage nusu duara ya mwenzako kabla hajafunga sanduku lake! Na kama bado unabisha, basi kaa nikusimulie habari za Noreen Cattermole, na wiki ile ambayo nusura anyang'anywe leseni kwa sababu ya wimbo alioutunga mwenyewe.

Noreen ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mnene kiasi, mzaliwa wa Walsall, na mdomo wake haujui kupumzika. Alipika chakula cha watoto wa shule mpaka mgongo ukakataa, ndipo akaishika kodiani yake nyekundu, kile kinanda cha kukumbatia kifuani, na kushuka nayo chini ya ardhi. Enzi hizo hakuna leseni. Ilikuwa ni kupiga muziki huku jicho moja likiangalia polisi, na wakitokea, mbio! Mimi nilimfahamu wakati huo, nikiwa kijana na saksafoni yangu, na nilimwona kwa macho yangu akipanda ngazi za kawaida kwa mbio na kodiani kifuani, polisi wawili nyuma yake, naye anawatukania mama zao bila kukosa pumzi.

Leseni zilipoanza kutolewa, Noreen alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipata. Alilia. Wiki hiyohiyo akatunga wimbo wa kodiani, usio na maneno, akauita "Nifukuzeni Sasa." Ulikuwa wimbo mzima, una mwanzo wa polepole, una katikati yenye huzuni kidogo, una kiitikio kinachokufanya utake kuruka, na una mwisho. Nasema una mwisho kwa sababu yeye alisema hivyo. Mimi siukumbuki, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maana kazi yetu ina namna yake. Abiria anakusikia tangu anapokata kona mpaka anapoikanyaga ngazi ya umeme, basi, ameshapotea. Ukimwanzia na utangulizi wa polepole, anaondoka hajakuonja. Kwa hiyo unajifunza kuingia moja kwa moja kwenye kiitikio, ukikimaliza unakirudia, na ukikimaliza tena unakirudia tena. Kila anayepita anapata kipande kilichonona. Noreen aliukata mwanzo wa wimbo wake kwanza, halafu katikati, halafu mwisho, na kodiani ikabaki inazunguka kwenye kiitikio mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna aliyelalamika.

Abiria wa asubuhi Noreen aliwabatiza majina wote. Kulikuwa na mmoja, mrefu, koti la kijivu, aliyebeba mwavuli hata jua likiwaka. Huyo alikuwa Bwana Mwavuli. Unajua kwenye ngazi zetu za umeme, anayesimama anasimama kulia, na kushoto ni kwa wanaopanda kwa miguu. Asiyelijua hilo London atafundishwa adabu kwa mabega. Bwana Mwavuli hakuwahi kusimama kulia hata siku moja. Alipita mbele ya Noreen kama anayepita mbele ya ukuta, akashika kushoto, akapanda haraka, akatokomea.

"Yule mtu ana jiwe humu ndani," Noreen alikuwa akiniambia, akijigonga kifua. "Errol mwanangu, sitastaafu mpaka ageuze shingo."

"Utazikwa na kodiani yako," nikamjibu.

Basi mwaka huo wakubwa wa reli wakatangaza kwamba sote tutasailiwa upya, wakongwe kwa wapya. Sharti lilikuwa moja la kushangaza kwa urahisi wake: wimbo mmoja wako mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Atakayeshindwa, aisalimishe beji. Noreen akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wimbo wangu mwenyewe? Huo si usaili, hiyo ni likizo!"

Tulisailiwa kwenye jukwaa moja la treni lisilotumika tena, Jumanne mchana. Waamuzi watatu wamekaa kwenye viti, wamekunja miguu, wamenyamaza. Aliyewaongoza alikuwa Philippa, mwanamke mpole mwenye miwani. Mimi nilikuwa nimeshamaliza, nimetoa jasho lote la mwilini, nimekaa nyuma kumngoja mwenzangu.

Noreen akavaa kodiani, akatabasamu, akaanza. Kiitikio kikatoka safi, kikalijaza jukwaa lote. Akakirudia. Akakirudia tena. Nikaona macho yake yanahangaika, yanawatazama wale waamuzi, na ghafla nikaelewa. Alikuwa anawangoja wapite! Na wao hawapiti! Wamekaa palepale wanamkodolea macho! Akakizungusha kiitikio mara nyingine, uso umekuwa mwekundu, vidole vinatafuta pa kutokea, havipati. Mwishowe Philippa akainua mkono taratibu.

"Bi Cattermole, wimbo unaishaje?"

Kodiani ikatoa pumzi moja ndefu, ikanyamaza.

"Sijui," Noreen akasema. "Mungu wangu, sijui. Nilikuwa najua."

Philippa hakumcheka, namshukuru kwa hilo. Waamuzi wakanong'onezana, wakamwambia arudi Alhamisi na wimbo uleule, ukiwa na mwisho. Asipokuwa nao, beji ibaki mezani. Tulipotoka nje alikuwa ameishika ile beji kwa ngumi.

"Nitarudia kukimbizwa, Errol? Kwa magoti haya?"

Nikalichukua sanduku lake, nikambebea. Tena nitakuambia kitu cha aibu zaidi: nilipofika kwangu nilizijaribu nyimbo zangu zote, nikakuta mbili tu ndizo najua zinavyoishia. Kwenye usaili nilikuwa nimeokoka kwa bahati.

Jumatano alfajiri alimpigia simu kila mtu aliyewahi kumsikia miaka ile ya mwanzo. Hakuna aliyekumbuka. Kila mmoja akamtungia mwisho wake kwenye simu, mwingine kwa mdomo, mwingine kwa filimbi, na kila mwisho ulisikika kama mtu aliyejikwaa mlangoni. Asubuhi akaingia zamuni kwake hivyohivyo, hajanywa hata chai. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu, nikawahi, nikasimama pembeni karibu na bango la matangazo kama desturi inavyotaka.

Abiria walikuwa wamejaa, kila treni inamwaga watu. Noreen anapiga kiitikio, akifika ukingoni anajaribu kuchomoka, anakosea, anarudi. Nikamwona Bwana Mwavuli anakata kona. Akapita, shingo haikugeuka, akaikanyaga ngazi, upande wa kushoto kama kawaida yake. Na hapo Noreen akachoka. Alifika mwisho wa kiitikio, akaacha. Hakurudia. Akaiacha mikono ianguke. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu apewe leseni kwamba kodiani imenyamaza hapo katikati ya msongamano wa asubuhi.

Na kwenye ule unyamavu, kutoka juu kwenye ngazi, ukashuka mluzi.

Uliendelea palepale alipoachia. Ulipanda kidogo, ukageuka, ukateremka polepole kama mtu anayevua viatu baada ya kazi, ukatua. Ukaisha! Wimbo umeisha! Nywele zilinisimama. Noreen alinitazama mdomo wazi, nami nikamtazama, na kabla sijasema neno alikuwa ameshatoka kwenye nusu duara.

"Wewe! Bwana Mwavuli! Simama hapohapo!"

Hebu mwone mama wa watu, kodiani kifuani, anaipanda ngazi ya umeme kwa upande wa kushoto huku anapiga kelele! Kuacha mzigo peke yake stesheni ni kuitangazia dunia vita, watu watadhani ni bomu, kwa hiyo nikalikumbatia sanduku lake, nikaning'iniza saksafoni yangu shingoni, nikamfuata nikihema.

"Nipisheni! Huyo mtu ana mwisho wangu!"

"Ana nini?" akauliza kijana mmoja, akijibana kulia.

"Mwisho wake!" nikamjibu. "Pisha!"

Tusingemkamata kamwe, maana ana miguu mirefu. Lakini karibu na juu kulikuwa na watalii, familia nzima, wamesimama kushoto na masanduku yao makubwa, wanapiga picha. Hao tunawalaani kila siku ya Mungu. Siku ile niliwabariki, wao na kizazi chao. Bwana Mwavuli alikuwa amekwama nyuma ya sanduku la waridi, na Noreen akamkamata koti.

"Mluzi! Upige tena!"

"Samahani?"

"Sasa hivi ulikuwa unapiga mluzi!"

Akawa mwekundu kushinda kodiani. "Samahani sana, mama. Sikujua kama nilipiga kwa sauti. Sitarudia."

"Utarudia! Utarudia sasa hivi! Ule wimbo umeutoa wapi?"

Ngazi ikatufikisha juu, tukajibanza ukutani ili watu wapite. Yule bwana akakaza mwavuli mkononi, na naapa niliiona adabu yake ya miaka yote ikimponyoka.

"Nimeutoa kwako, nitautoa wapi pengine! Kila asubuhi unanikatia palepale. Nafika kazini unazunguka kichwani, unazunguka, hautoki. Mimi ni daktari wa meno, mama. Mikono yangu iko ndani ya vinywa vya watu! Nifanyeje? Ikabidi niumalizie mwenyewe, hapa kwenye ngazi, ndipo niweze kuishi."

"Kwa hiyo si mwisho wangu," Noreen akasema polepole.

"Sijawahi kuusikia mwisho wako. Unao?"

"Ninao... nilikuwa nao. Wako ni mzuri kuliko wangu, shetani wewe." Akamshika mkono wa koti, hakumwachia. "Na miaka yote hii ulikuwa unasikiliza?"

"Kwani ningeziba masikio?"

"Mbona hata kunitazama hujanitazama?"

Akaangalia viatu vyake. "Ningekutazama ningesimama. Na ningesimama ningechelewa."

Hapo, mbele ya vizuizi vya tiketi, daktari wa meno mwenye heshima zake akapiga mluzi kwa haya, huku watu wakimgeukia. Noreen aliufuata kwa vidole kwenye vitufe bila kuivuta mivukuto, kodiani isitoe sauti, kwa sababu kupiga nje ya nusu duara ni kosa, na hakuwa na nia ya kupoteza leseni siku moja kabla ya usaili. Walirudia hivyo mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba ameshika. Yule bwana akatazama saa yake, akasema neno ambalo sikutegemea kulisikia kwa mtu wa aina yake, akaondoka mbio.

"Jina lako nani?" Noreen akapaza sauti.

"Ambrose!" likarudi jibu kutoka upande wa barabara.

Alhamisi tukarudi kule kwenye jukwaa. Noreen aliutunga upya mwanzo na katikati kwa usiku mmoja. Alisema hiyo kazi si kitu ukishajua unakoelekea. Waamuzi wakakaa kwenye viti vyao. Akaanza polepole, akapita kwenye huzuni kidogo, akaingia kwenye kiitikio mara moja, mara mbili, nami nikashika kiti kwa mikono miwili. Hakurudia ya tatu. Akapanda, akageuka, akateremka, akatua, na akaacha vidole palepale mpaka sauti ikamalizika yenyewe kwenye lile shimo la treni. Philippa alivua miwani.

"Ndio wimbo uleule, Bi Cattermole?"

"Ndio. Nimeumalizia na mwenzangu."

Wakamrudishia beji. Nilipiga makofi mpaka mwamuzi mmoja akaniomba nikae. Tulikwenda kula samaki na chipsi, na Noreen aliongea bila kituo, na kila aliyeleta siki au chumvi mezani alisimuliwa kisa kizima.

Ijumaa asubuhi nikawahi tena, nikasimama kwenye bango langu. Noreen alikuwa anaijua hatua ya yule bwana kuliko anavyoijua ya ndugu zake, kwa hiyo alipomwona anakata kona, alianza kiitikio mahali ambapo kingeisha yeye akiwa kwenye ngazi. Ambrose akaja, koti la kijivu, mwavuli, shingo mbele. Akatupita. Wala hakupepesa jicho, nami nikahisi hasira zinanipanda, nikasema moyoni, kumbe jiwe ni jiwe tu.

Akaikanyaga ngazi upande wa kushoto, kama kawaida. Halafu akasogea. Akahamia upande wa kulia, nyuma ya mama mmoja mwenye kikapu, akashika mkanda wa ngazi, akasimama.

Noreen akaingia kwenye ule mwisho. Vidole havikukosea. Ngazi ikampandisha yule bwana taratibu, mgongo kwetu, na wimbo ulipotua alikuwa bado hajafika juu, hakupiga mluzi, na watu wa kushoto walikuwa wanampita mmoja baada ya mwingine.

"Atachelewa huyo," Noreen akaniambia.