Leso ya Mpiga Piano

Mpiga piano wetu hapa Harlem ana leso ya hariri, na kazi yake si kufuta jasho. Kabla ya kupiga huvua kofia, hupuliza pete yake, kisha huitandaza leso juu ya vidole ili wapinzani wasimwibie mtindo. "Haya wezi, sogeeni," husema, huku akitafuna sigara ambayo sijawahi kuiona ikiwashwa. Watu wa santuri walipomwita kurekodi, alikataa mara tatu. Mara ya nne alikwenda, akarudi akicheka peke yake. "Katikati ya wimbo nimepachika nota moja mbovu makusudi," akaninong'oneza. "Sasa kila mwizi nitamjua."

Akawajua kweli. Mwezi haukuisha, kila piano ya Harlem ilikuwa na ile nota mbovu, naye akizunguka nyumba kwa nyumba kuwacheka. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, tulikuwa kwa Bi Odessa tukila samaki wa kukaanga, akaupiga wimbo wake sawasawa, bila ile nota mbovu, leso ikiwa mfukoni kwa maringo. Alipofika katikati, chumba kizima kikaguna.

"Umekosea, baba!" Bi Odessa akapaza sauti kutoka jikoni. "Nenda kaisikilize santuri!"

"Santuri yenyewe ni yangu, mama!"

"Basi aibu mara mbili. Rudia!"

Akavitazama vidole vyake. Kisha akaitoa leso, akaifunika mikono, na kwa mara ya kwanza mbele yetu akaipiga ile nota mbovu.