Jicho la Baba na Hesi ya Kwanza

Mabibo yanapoanza kuoza chini ya mikorosho, harufu yake hupanda puani kama pombe changa. Ndiyo harufu iliyojaa kibanda cha baba pale Lulindi, msimu ule nilipojifunza kukata hesi, ile mistari inayozunguka shingo ya kikopo ili kifuniko kifungwe kwa kuzungushwa. Baba alikereza vikopo vya ugoro vya mpingo kwa mashine ya umeme, nami, binti yake wa kwanza, nilikuwa darasa la sita. Hesi aliikata kwa mkono, kwa chuma chenye meno kama kitana, akikisogeza kwenda sawa na mzunguko wa mti. Ukichelewa kidogo, mistari inapandana na kikopo kinaharibika.

Asubuhi ya somo langu la kwanza alikuwa bado akilainisha kipande, mashine ikienda kasi. Nikasikia mlio mkavu, kaa! Mpingo ulikuwa na ufa ndani ambao hakuna aliyeuona. Ulipasuka, nusu ikampiga baba usoni. Hakupiga kelele. Alisimama tu ameshika jicho la kushoto, damu ikipita katikati ya vidole, akaniambia kwa sauti yake ya kila siku, "Neema, zima mashine." Niliyepiga kelele ni mimi, na sidhani kama nilinyamaza kabla gari halijampeleka hospitali.

Alirudi na jicho moja. Nilijua mashine ile itauzwa. Badala yake, hata bandeji haijatoka, akaniita kibandani na kuniambia niiwashe. Mama akaja mbio, mwiko mkononi.

"Baba Neema! Jicho lako halijatosha, sasa unataka na la mwanangu?"

"Mama Neema, meno yanapoukaribia mti sijui tena yako karibu au mbali. Asipojifunza yeye, kazi hii imeishia hapa."

Mama alikaa mlangoni, akajifunika uso kwa khanga, na hakuondoka. Baba akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Mashine ilizunguka polepole, lakini nilitetemeka mpaka chuma kikawa kinagongagonga mti. "Usikaze," alisema. "Yaache meno yashike njia." Tuliharibu vikopo vingi. Siku kifuniko kilipokubali, kikazunguka na kutulia, mama alikichukua, akawa anakifungua na kukifunga huku analia.

Leo nina karakana yangu Masasi, na sote humo tunavaa kinga za uso za plastiki. Juzijuzi mti ulimchomoka mwanafunzi wangu mmoja, ukanipiga usoni. Sikusikia maumivu yoyote. Nilipoivua kinga, niliona mkwaruzo mrefu pale pale mbele ya jicho la kushoto. Kitu chepesi namna ile, mtoto anaweza kukikunja kwa mikono, na baba alipoteza jicho kwa kukikosa. Nilikaa chini juu ya maranda. Wanafunzi wakanizunguka wakiuliza nimeumia wapi, nami nikawa napitisha kidole juu ya ule mkwaruzo.